Mhariri, hata muuza samaki pichani ana jina

Mhariri, salaam na pole na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Ngamiani, Tanga. Gazeti tunalisoma kibarazani kwa muuza kahawa, linapita kwa wazee kwanza halafu ndo sisi, kwa hiyo likinifikia nalisoma lote mpaka matangazo ya mnada. Leo naomba nafasi niongelee picha. Sio za kwenu gazetini tu, hata hizi tunazopiga wenyewe na simu zetu nyumbani na safarini, maana naona zote zina ugonjwa mmoja.

Chukua picha yoyote ya kiongozi. Chini yake pameandikwa kila kitu, jina, cheo, (katikati) akikata utepe, wa kwanza kulia nani, wa pili kushoto nani, wanaoshuhudia ni kina nani. Sawa, ndo utaratibu na sina ugomvi nao. Sasa geuza ukurasa. Kuna picha ya mama kakaa Deep Sea, pale sokoni kwetu kwa samaki, na beseni la changu, picha nzuri kweli, mwanga umemkaa vizuri, unaona mpaka magamba yamemganda mkononi, halafu chini unakuta wameandika mchuuzi wa samaki akiendelea na shughuli zake. Basi. Mhariri, yule mama alikuwa anaongea, tena wale kina mama wa Deep Sea wanaongea kwelikweli, na mpiga picha alikuwa hatua mbili tu kutoka alipokaa. Kumuuliza mama unaitwa nani kungemchukua muda gani?

Hii tabia haikuanza jana. Zile picha za enzi za Mjerumani ambazo watu wanazirusha kwenye magrupu, bandari, boma, gari moshi, watu wamebeba mizigo, nyingi alipiga jamaa mmoja Mjerumani anaitwa Walther Dobbertin na leo zimehifadhiwa kwao huko Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani. Ni picha nzuri na nashukuru zipo. Ila soma maelezo ya picha za zama zile, jengo linatajwa, mji unatajwa, lakini mtu wetu aliyesimama mbele ya jengo mara nyingi anaandikwa kazi yake au kabila lake tu. Askari. Mpagazi. Yule ni babu wa mtu, pengine ni babu wa mtu anayesoma barua hii sa hivi, na hakuna namna ya kumjua tena.

Au chukua mkonge, ambao ndo umefanya Tanga ijulikane duniani. Tunajua ulikuja mwaka 1893, tunajua aliyeuleta ni Richard Hindorf, tunajua ulitoka Florida, tunajua hadi kwamba miche iliyosafirishwa ilikuwa 1,000 na iliyofika hai ni 62. Haya, tafuta sasa picha za mashamba yale miaka ya mbele, wakati wa manamba, watu waliotoka Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi kuja kukata mkonge huku kwetu na wengine hawakurudi tena, wajukuu zao ndo hawa tunaishi nao. Unamuona mtu kasimama katikati ya mistari, panga mkononi, anakutazama machoni kabisa. Nani huyu? Miche imehesabiwa, mtu hana jina. Mimi hilo linaniuma sana.

Nyumbani nako tumefanya vilevile kwa njia nyingine. Zamani sababu ilikuwepo, filimu ina picha 24 au 36, unainunua kwa hela, unaipeleka studio kusafisha, unasubiri, ikiungua imeungua, kwa hiyo watu wanaitunza kwa ajili ya Idi, harusi, maulidi, ubatizo, mtoto kumaliza shule. Fungua albamu ya nyumba yoyote hapa mjini utakuta watu wamevaa wakapendeza, wamesimama wima, mikono imenyooka, nyuma yao pazia la studio limechorwa bahari na minazi, wakati bahari yenyewe ipo hapo Raskazone. Hakuna picha ya mtu anakuna nazi. Hakuna picha ya baba kainama anajaza upepo baiskeli asubuhi kabla ya kwenda kazini, na Tanga hii ilivyokuwa ya baiskeli jamani! Wapo wachache waliotoka nje ya studio, kule Unguja Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930 alimpiga picha sultani na watu wa sultani, lakini akapiga pia mitaa na watu wa Mji Mkongwe wakiwa kwenye shughuli zao, ndo maana wenzetu wana cha kuangalia. Huku kwetu nyumba nyingi zina sikukuu tu.

Leo filimu haipo, simu moja inabeba maelfu ya picha, lakini mkono bado umezoea sikukuu. Na kuna aibu pia, hii lazima niiseme. Ukitoa simu jikoni unaambiwa usipige hapo bwana, watu wataona umaskini wetu. Jiko la mkaa, sufuria jeusi, ukuta umepauka, ndo umaskini huo? Sufuria lile limelisha ukoo mzima. Matokeo yake jikoni kwetu anaingia mgeni na kamera kubwa, anapiga, anaondoka nazo kwao, na sisi wenyewe tunabaki hatuna hata moja ya kumuonyesha mtoto kwamba bibi yako alikuwa anakaa hivi, mbuzi ya nazi iko hivi, mguu mmoja kaukunja hivi.

Mtaani kwetu kuna mama anachoma vitumbua. Chuma chake ni kizito, cha siku nyingi, kina mashimo saba, na shimo moja limepinda ukingoni kwa hiyo kitumbua cha hapo kila siku kinatoka na kimdomo pembeni na watoto wanakigombania hicho hicho. Anageuzia spoku ya baiskeli aliyoinyoosha na kuinoa ncha, anachoma ukingo, anazungusha kidogo tu kwa kifundo cha mkono, kinageuka. Haangalii. Anahesabu chenji ya mtu huku mkono wa kulia unageuza. Asubuhi kama saa kumi na mbili na nusu jua linapenya katikati ya nyumba mbili likitokea upande wa baharini, moshi wa mafuta unakuwa mweupe na ule mkono unaonekana vizuri mno, fulashi huihitaji kabisa, tena fulashi ingeharibu kila kitu. Nikamsalimia, nikanunua, nikamuomba. Akaniambia mikono piga, uso niachie. Basi nikapiga mikono. Nikaenda kuitoa studio nakala mbili, nikampelekea moja, ya kwangu nyuma nimeandika kwa penseli, sababu wino wa kalamu unaweza kupita upande wa pili au ukachafua picha nyingine albamuni, nimeandika jina lake, mtaa, tarehe, na kwamba chuma alipewa na mama mkwe wake. Jina lake silitaji hapa kwa sababu ruhusa aliyonipa ni ya kuandika nyuma ya picha, habari ya gazeti sikumuomba.

Na hapo vijana wenzangu naomba tusikilizane. Ruhusa ya kupiga na ruhusa ya kurusha ni mbili tofauti. Shangazi yupo ndani kwake, kajifunga kanga, kichwa wazi, anacheka na watu wake, ukimpiga atafurahi na picha itakuwa nzuri kuliko zote, lakini ukiiweka stetasi umemtoa uani na kumuweka barabarani bila mtandio, na watu mia wameshamuona kabla hata hajajua. Muulize, shangazi hii niitunze au niirushe? Akisema itunze, itunze. Watoto wa watu uliza wazazi wao. Mgonjwa kitandani muache, na msiba vilevile, kama wenyewe hawajataka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi toka 2022 lakini hata bila sheria mtu wa pwani analijua hili, huingii kwa mtu bila hodi.

Safarini ndo balaa zaidi. Ukipanda basi la Lushoto, gari ikisimama Segera au pale Mombo kabla ya kupanda mlima, vijana wanakimbilia madirishani na machungwa, korosho, peasi, abiria nao wanatoa simu wanawapiga kwa juu, hawajanunua, hawajasalimia, kijana anaona simu imemlenga usoni na gari inaondoka. Nimeona mmoja kajifunika uso kwa sinia lake. Abiria wale sio wageni kutoka Ulaya, ni sisi, Waswahili wenyewe, ambao tukifanyiwa hivyo na mtalii pale mjini tunakuja juu. Shuka, nunua, msalimie, mwambie kaka naomba nikupige ukiwa na mzigo wako, wengi wanakubali na wanasimama vizuri wenyewe, halafu muulize jina na namba umtumie. Gari ikiwa haina muda, basi na picha haina muda, acha ipite.

Nikija Pangani ndo naomba kabisa watu wafanye haraka. Kuna daraja la mita 525 pale mtoni, la ile barabara ya kwenda Bagamoyo, na ni jambo kubwa, wagonjwa na wafanyabiashara wa upande wa Bweni wamelisubiri sana. Lakini maisha yale ya kusubiri pantoni hayatadumu daraja likishachukua watu wake. Nani kayapiga? Wale wanafunzi wanaovuka na sare asubuhi, viatu wamevishika mkononi. Baiskeli zenye nazi zimefungwa mbavuni mpaka mwenye baiskeli haonekani. Mama anayeuza karanga anayejua kila gari inayovuka ni ya nani. Mabaharia wa pantoni wenyewe, kamba mkononi, wanavyowapanga watu na magari kwa mluzi na kwa matusi madogo madogo ya kutaniana. Picha za daraja zitapigwa na wakubwa siku ya sherehe, hizo zitakuwepo tu. Za pantoni ni juu ya sisi tunaovuka. Mcheza kwao hutunzwa, na sisi wa Tanga na Pangani hapa ndo kwetu.

Halafu mkishapiga, msizitunze WhatsApp. WhatsApp kwa kawaida inaibana picha, ukimtumia ndugu yako Muscat naye akamtumia mwingine, mwisho inabaki ukungu, ukitaka kuitoa studio inatoka madoadoa. Itume kama dokyumenti, au itoe kwenye simu yenyewe iliyopiga, kule na tarehe na saa huwa zinabaki. Na chache mzitoe karatasini, sio zote, zile ambazo simu ikiibiwa kesho utazililia.

Sasa ombi langu kwako Mhariri ni hili. Kwanza wapiga picha wenu na waandishi wenu wa mikoani waelekezwe kwamba mtu yeyote atakayeonekana uso wake waziwazi kwenye picha ya gazeti, awe mbeba mizigo, awe muuza madafu, aulizwe kama anaridhia na aulizwe jina, na akikubali jina liandikwe kamili, kama anavyoandikwa mkuu wa wilaya. Akikataa jina, muandike kwamba hakupenda kutajwa, hapo tutajua aliulizwa. Katika umati wa watu wengi haiwezekani, hilo naelewa, sizungumzii uwanja wa Mkwakwani umejaa.

Pili, mtupe sehemu ndogo tu kila wiki, picha moja ya msomaji, ya jambo la kawaida la nyumbani au la njiani, yenye jina la mpigwa, jina la mpigaji, mahali na tarehe. Sio mashindano na hatutaki zawadi. Fundi cherehani wa Makorora, mzee anayecheza bao, watu wanaovua kwa ngalawa Tongoni, wanaopakua machungwa Muheza, jiko la mtu. Wenyewe wakiridhia.

Najua nafasi gazetini ni ya kugombania na karatasi ni ghali. Kwa wiki moja mnaweka picha ngapi za kukata utepe? Ikipungua moja tu, hiyo nafasi inatutosha.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga