Maandalizi ya somo la Alhamisi: Mathayo 9:9–13

Wapendwa katika Bwana, amani iwe nanyi.

Kabla ya Alhamisi naomba kila mmoja aitazame kwa utulivu picha niliyoituma hapo juu, iitwayo Wito wa Mtakatifu Mathayo, iliyochorwa na Caravaggio, mchoraji wa Italia, kati ya mwaka 1599 na 1600 kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi mjini Roma, ambako ipo hadi leo.

Injili inasimulia jinsi Yesu alivyomwita Mathayo, mtoza ushuru, kwa maneno machache mno, hata tumezoea kuyapita haraka. Mchoraji, kwa upande wake, hakuwa na budi kuamua nani aketi wapi, mwanga utokee upande gani na nani ainue uso. Tazameni pale mezani: mtu mwenye ndevu ananyoosha kidole, lakini haieleweki wazi kama anajionyesha mwenyewe au anamwonyesha kijana aliyeinama mwishoni mwa meza, ambaye macho yake bado yako kwenye fedha. Wataalamu wamebishana nani kati yao ndiye Mathayo, nami naona ubishi huo unatufaa sana, kwa kuwa unaturudisha kwenye aya yenyewe kuuliza mtu huyu alikuwa katika hali gani alipoitwa.

Picha haichukui nafasi ya Neno. Someni aya kwanza, ndipo mtazame, kisha msome tena, na kila mmoja aje na swali moja lililozaliwa na kutazama huko. Ambaye picha haifunguki kwenye simu yake aniandikie, nitamtumia nyingine iliyopunguzwa ukubwa.