Homa ya baada ya chanjo: manesi tuambieni kabla hatujatoka kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na manesi wa kliniki za watoto huku kwetu Mtwara, na wenzetu wa Lindi najua linawahusu pia. Sio kwa ubaya, chanjo mimi nazikubali na mwanangu kamaliza juzi tu ya mwezi wa 18, ila hii habari ya homa nimekaa nayo moyoni muda mrefu.

Mwaka jana mwezi wa pili nilimpeleka chanjo ya wiki ya 6, ndo mtoto wangu wa kwanza. Foleni ndefu, mtoto kapimwa uzito, kapigwa sindano mapajani, ile ya penta (moja inayokinga magonjwa matano) na ya nimonia, kapewa matone ya polio na ya kuhara, kadi ikajazwa, nikaambiwa tarehe ya kurudi, haya mwingine aingie. Neno homa halikutamkwa kabisa. Usiku saa nane mtoto anachemka, analia ukimgusa tu paja, mimi natetemeka kuliko yeye. Mama mkwe alikuwa kashuka toka Newala kuja kunisaidia uzazi, akamfunga mtoto mablanketi mawili na kofia juu, maana kule kwao mwezi wa sita wa saba baridi ni ya kweli na mtoto mwenye homa anafunikwa. Lakini hapa ni Chikongola mwezi wa pili, joto hata mtu mzima analala na kanga moja! Mtoto akazidi kupanda, mama akaanza kusema hii ni dege inakuja, tutafute mtu wa kumfukiza. Simlaumu mama wa watu, alikuwa anamhangaikia mjukuu wake na hakuna aliyemwambia kitu, kama mimi tu. Tulikesha, alfajiri tukamkimbiza kituoni, wakamwangalia wakasema ni chanjo, na mchana wake homa ikashuka.

Ya wiki ya 10 nikamkuta nesi mwingine, Mungu ambariki. Huyu hata dakika tano hakumaliza. Kaniambia mama, leo usiku au kesho anaweza kuchemka, ni mwili unatengeneza kinga, kwenye hii penta kinga ya kifaduro ndo inayochangia sana homa, ndani ya siku moja mbili inaisha. Usimfunike, mvalishe kinguo chepesi, mnyonyeshe mara kwa mara, paja likivimba usilikande na maji ya moto wala usilisugue. Akichemka sana mpe parasetamo ya maji, alafu akaangalia kadi, uzito kilo 5, akasema kwa ile chupa iliyoandikwa miligramu 120 kwa mili 5 huyu ni mili 2 na nusu, unaweza kurudia baada ya masaa sita, isizidi mara nne kwa siku, na aspirini usimpe kabisa. Yaani kanieleza na mambo ya kukimbilia hospitali: akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea haamki vizuri, au akikamatwa na degedege, hapo mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, twende. Usiku ule homa ilikuja kweli, na nyumba nzima tulilala kwa zamu bila mtu kulia.

Sasa kuna hii ya surua ya miezi 9, hapa ndo watu wengi tunapigwa chenga. Homa yake haiji usiku ule. Ile chanjo ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kinachukua siku kadhaa kufanya kazi mwilini, kwahiyo homa inaweza kuja baada ya wiki nzima au zaidi, na saa zingine vipele vidogo vidogo. Nani atakumbuka sindano ya wiki iliyopita? Wa kwangu ilikuwa siku ya nane, mwezi wa kumi, korosho zimeanza kushuka na watu wote akili iko mnadani. Kila mtu nyumbani akasema malaria, shemeji akatoa dawa ya mseto iliyobaki kwenye kabati tumpe nusu. Nikakataa, nikaenda kupima, malaria hakuna. Lakini ingeweza kuwepo! Mikoa yetu hii malaria ipo kweli, kwahiyo msije mkasema ah ni chanjo tu mkakaa, homa ikija siku nyingi zimeshapita tangu sindano, au ile homa ya penta ikivuka siku mbili, apimwe ndo ijulikane.

Ombi langu kwa manesi ni hilo moja tu, semeni kabla ya sindano, na kwasababu uzito mnaupima siku hiyo hiyo andikeni pale kwenye kadi dawa ni mili ngapi, maana vijiko vya nyumbani havilingani na chupa za dukani nguvu zake zinatofautiana. Na anayekuja na mama, awe bibi, shangazi au baba, aitwe ndani asikie, kwasababu usiku wa manane nyumbani mama peke yake hasikilizwi.

Jirani yangu mtoto wake aliishia ile ya kwanza. Aliniambia siwezi kumpeleka mtoto mzima arudi mgonjwa, na mimi nilimwelewa kwasababu usiku wake ulikuwa kama wangu ila yeye hakubahatika kumpata yule nesi wa pili. Mtoto sasa ana miezi saba. Nimemuulizia, nimejibiwa hajachelewa, haanzi upya, anaendelea pale alipoishia. Jumatano tunaenda wote, na usiku wake nimemwambia nitalala kwake.

Mama wa mtoto mmoja,
Chikongola, Mtwara