Mpwa wangu, boga la Halloween lilikuwa tanipu

Mpwa wangu,

Ile klipu ya WhatsApp uliyotumiwa, kwamba Halloween, ile sherehe ya Oktoba 31 ya taa za maboga yaliyochongwa nyuso na watoto kugonga milango wakiomba peremende, ni ibada ya shetani iliyobuniwa Marekani, imekosea hata bara.

Chimbuko ni Samhain, sikukuu ya Waairishi wa kale ya kumaliza mavuno na kuupokea msimu wa baridi. Ilianza jioni ya Oktoba 31, kwa kuwa siku yao ilianza jua likizama, kama sisi tunavyoita Alhamisi jioni usiku wa Ijumaa. Baadaye Kanisa liliweka Watakatifu Wote Novemba 1 na Marehemu Wote Novemba 2. Habari za Samhain tunazosoma ziliandikwa na watawa Wakristo karne nyingi baadaye, kwa hiyo anayekusimulia kafara kwa undani, mtilie shaka.

Kugonga milango nako ni kwa zamani. Uingereza, maskini walipewa vikeki wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Ireland na Scotland, vijana walijifunika nyuso, wakaimba, wakapewa karanga au matofaa.

Taa yenyewe ilichongwa kwenye tanipu, mzizi mgumu wa jamii ya kabichi. Jumba la makumbusho karibu na Castlebar, Ireland, lina nakala ya plasta ya tanipu moja iliyochongwa ya Donegal, huko huko Ireland. Ule uso unatisha kuliko boga lolote. Wahamiaji wa Ireland, wengi wao wakikimbia njaa iliyoanza 1845, walikuta Marekani boga: kubwa, laini, na ndani lina uwazi tayari.

Ukichonga lako, chagua lenye kitako bapa. Kisu kikate mfuniko kwa mshazari kuelekea ndani. Ukikata wima, mfuniko utatumbukia ndani. Komba nyuzinyuzi na mbegu kwa kijiko kikubwa, kisha punguza ukuta wa upande wa uso ubaki kama sentimita 2.5. Ukiwa mnene mwanga hautoki vizuri, ukiwa mwembamba uso unabonyea. Anza na macho, mdomo uwe wa mwisho, maana tundu kubwa hulegeza ukuta wakati wewe bado unaukandamiza. Chonga siku mbili tu kabla, kwa sababu ukungu huanzia ndani, na joto la mshumaa huharakisha kuoza. Taa ya betri ni afadhali.

Mbegu zioshe, zikaushe, uzikaange na chumvi. Ila boga lenyewe usilipike kwa nazi: maboga ya kuchonga ni ya majimaji, hayana utamu.