Mtungi wa kuzimia moto uchaguliwe kwa kuitazama ofisi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenye ofisi ndogo hapa Mombasa, pamoja na wenye majumba wanaowakodisha, waache kununua mtungi wa kuzimia moto kwa ajili ya kumridhisha mkaguzi peke yake. Katika ofisi nyingi za uwakala wa forodha, za uhasibu na za mawakili, kuanzia Ganjoni hadi Barabara ya Nkrumah, utakuta mtungi mmoja wa unga mkavu wa kilo 9 umesimamishwa nyuma ya mlango, na mwenye ofisi akaridhika kwamba wajibu wake umekwisha. Hakutazama ni kitu gani kinachoweza kuungua katika chumba kile, wala hakumfikiria karani atakayelazimika kuunyanyua mzigo ambao, chuma na unga pamoja, huzidi kwa mbali hizo kilo 9 zilizoandikwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikutaka tu kifaa kiwepo. Inataka kila mahali pa kazi pawe na vifaa vya kutosha na vinavyofaa, viwekwe panapofikika kwa urahisi, na wawepo watu waliofundishwa kuvitumia. Hilo neno la kufaa ndilo tunalolipuuza.

Ofisi ya wakala wa forodha, ambayo ndiyo niijuayo zaidi, ina hatari mbili kubwa, nazo ni karatasi na umeme. Kabati zimejaa mafaili ya hati za shehena na risiti za miaka iliyopita. Chini ya meza zipo kompyuta, printa, betri za akiba na ekstensheni iliyochomekwa juu ya ekstensheni nyingine, huku kiyoyozi kikifanya kazi kutwa kwa sababu ya joto letu. Moto wa karatasi huzama ndani ya rundo na kubaki kaa hata baada ya miali kupotea, kwa hiyo unahitaji kupozwa, na kinachopoza ni maji au povu lililotengenezwa kwa maji. Chombo chenye umeme wa volti 240, kwa upande wake, hakimwagiwi maji ya kawaida, kwa kuwa umeme unaweza kurudi kupitia maji hayo hadi kwa mtu aliyeshika mpira.

Wauzaji husema unga mkavu umeyamaliza yote hayo, na ni kweli kwamba huangusha miali upesi na kwamba hautii hofu mbele ya umeme. Lakini haupozi, kwa hiyo rundo la mafaili linaweza kuwaka tena. Ukipulizwa ndani ya chumba kidogo hutanda kama ukungu hata mtu akaukosa mlango, na humkaba pumzi. Zaidi ya hayo, unga wa kawaida una chumvi za amonia zinazonyonya unyevu na kula shaba, na sisi wa pwani unyevu tunao mwaka mzima. Moto mdogo wa printa moja, ukizimwa kwa unga, unaweza kuharibu kila kompyuta iliyokuwa chumbani humo. Unga uwekwe penye petroli na jenereta, na ndani ya magari. Huko hauna mpinzani.

Kwa mashine za ofisi, mtungi ufaao ni wa gesi ya kaboni dioksidi, ambao kwa kawaida huwa na mkanda mweusi na mdomo mpana. Gesi hiyo haiachi uchafu wala haipitishi umeme. Hata hivyo, anayeinunua aelezwe tabia zake. Huisha katika muda wa sekunde 10 hivi, haipozi, na juu ya karatasi zilizolegea inaweza kuzirusha zikiwa zinawaka. Mdomo wake hupata baridi kali kiasi cha kuunguza ngozi, kwa hiyo asiushike asiyejua mahali pa kushika. Ukubwa nao ni jambo la kupimwa. Kilo 5 za gesi hiyo hutanuka na kuwa karibu mita za ujazo 2.7. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5 tu, na sehemu moja katika kumi ya hewa ikiwa kaboni dioksidi, mtu anaweza kuzimia. Chumba kama hicho kinatosha mtungi wa kilo 2, na hata huo ukishatumika watu watoke na madirisha yafunguliwe.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba ofisi ya vyumba viwili au vitatu iwe na mtungi wa kaboni dioksidi wa kilo 2 jirani na mashine, na wa povu wa lita 6 karibu na mlango wa kutokea, ili anayeufuata awe anaelekea nje. Wa povu uwe na maandishi yanayothibitisha kwamba umejaribiwa kwa volti 35,000, kwani mtungi wa namna hiyo hautamdhuru mtu akikosea na kukimwagia povu chombo chenye umeme akiwa umbali wa mita moja. Mnunuzi atafute pia alama kama 13A, ambayo kwa vipimo vya Ulaya maana yake ni kwamba mtungi ulizima rundo la mbao lenye urefu wa mita 1.3. Bidhaa za bandarini kwetu hutoka kila pembe, kwa hiyo herufi zinazotaja aina ya moto zisomwe kwa uangalifu: C kwenye mtungi wa Marekani humaanisha moto wa umeme, ilhali kwa Ulaya humaanisha moto wa gesi.

Baada ya kununua, kazi kubwa ni kutunza. Hewa ya chumvi hula chuma kuanzia kitako, na mtungi uliowekwa sakafuni panapopigwa deki kila asubuhi huoza mahali pasipoonekana, kwa hiyo utundikwe ukutani. Mtungi wa kaboni dioksidi hauna geji. Njia ya kujua kama gesi ingalimo ni kuupima uzito na kuulinganisha na ule ulioandikwa juu yake, na ukipungua kwa zaidi ya asilimia 10 ya gesi, ujazwe upya. Fundi anayebandika kibandiko kipya cha mwaka bila kuja na mizani hajaukagua.

Ombi langu kwa idara ya zimamoto ya kaunti ni kwamba mkaguzi, kabla ya kutoa cheti, aulize mtungi umewekewa moto gani, na amwombe mfanyakazi mmojawapo aushushe ukutani na aonyeshe pini inavyotolewa. Wenye majumba ya Mji wa Kale nao waandike sharti la kuwa na mtungi ufaao katika mikataba ya upangaji, kwa sababu vichochoro vyao havipitishi gari la zimamoto, na mtungi wa mpangaji wa chini ndio ulinzi wa familia inayolala ghorofa ya juu.

Wako mwaminifu,
Karani wa forodha,
Ganjoni, Mombasa