Neema, ukifika stesheni kuu ya Berlin

Ugonile Neema wangu,

Meseji yako nimeipata jana usiku, nimefurahi mno, yani kwaya yenu kualikwa Ujerumani baada ya miaka yote ile ya mazoezi mnastahili kabisa. Umeniuliza habari za baridi na mabegi, hilo nakujibu haraka tu, beba sweta na koti lile unalovaa Tukuyu mwezi wa sita, kwa mwezi wa tano linatosha. Ninachotaka kukuandikia kwa urefu ni ile stesheni yao kuu, kwanza kwa sababu mtakuwa mnapita pale karibu kila siku, afu pia tangu nirudi kutoka ile ziara ya usharika kule Berlin kila nikipita stesheni yetu ya treni ya Iyunga hapa Mbeya nawaza mambo mengi na sijapata mtu wa kumwambia vizuri.

Kwenye vibao utaona wameandika Hauptbahnhof, ndo hiyo hiyo. Ni jengo la vioo, kubwa, na cha kwanza kuelewa ni kwamba treni zinapita juu na zingine zinapita chini, kwenye jengo hilo hilo moja. Reli za juu ziko kama mita 10 juu ya barabara, za chini ziko kama mita 15 chini ya ardhi, na zinakatana kabisa, za juu zinaenda mashariki na magharibi, za chini kaskazini na kusini. Ukisimama katikati ukiinua macho unaona treni juu ya kichwa chako, ukiinama unaona nyingine chini kabisa, na mwanga wa jua unashuka mpaka huko chini kwa sababu sakafu wameziacha wazi katikati. Mimi nilisimama pale pembeni ya lifti za vioo nikaangalia tu, mama mwenye mtoto kwenye kigari akaingia lifti juu akatokea chini kwenye treni yake bila kubeba kitu, na mzee wa kiti cha magurudumu hivyo hivyo, hakuna aliyemsukuma wala kumnyanyua. Hilo ndo lilinigusa kuliko vioo vyote.

Sasa shika hizi namba maana zitakusaidia. Platfomu 1 mpaka 8 ziko chini, 11 mpaka 16 ziko juu, 9 na 10 hamna kabisa kwahiyo usizitafute. Platfomu 15 na 16 ni za treni za mjini, zile wanaita S-Bahn, hizo ndo za kukupeleka Alexanderplatz kwa dakika chache. Metro yenyewe ya chini ya ardhi, mstari wa U5, unashukia upande wa Europaplatz, na hiyo nakushauri uipande hata kama huna safari, shuka kituo cha Museumsinsel uangalie dari, wameipaka bluu ya usiku na taa ndogo ndogo za nyota juu ya reli. Upande huo huo wa Europaplatz ukitoka nje unakuta tramu barabarani, na mabasi nayo yako pale pale nje. Upande wa pili, Washingtonplatz, unatokea mtoni, ng'ambo unaona majengo ya serikali yao.

Tiketi sasa, hapa sikiliza vizuri. Tiketi ni moja tu. Ukinunua ya kanda A na B, yani ndani ya mji, inakupa saa mbili za kwenda upande mmoja, ndani ya hizo saa mbili unapanda treni ya mjini, unashuka unaingia metro, unatoka unapanda tramu afu basi, tiketi ni ile ile, hakuna kulipa tena kila ukibadilisha gari. Kurudi ulikotoka ndo haihesabiki, hiyo unanunua nyingine. Uwanja wa ndege uko kanda C, kwahiyo siku ya kufika na siku ya kuondoka mwambie mwenyeji wenu mkate ya ABC. Na ukinunua ya karatasi kwenye mashine ya platfomu lazima uigonge muhuri kwenye kile kiboksi kidogo kabla ya kupanda, maana pale hakuna geti wala kondakta mlangoni, unaweza kudhani ni bure, ila wakaguzi wanapanda wakiwa wamevaa nguo za kawaida tu na faini ni euro 60. Waambie na akina mama wengine wa kwaya, hasa wale ambao hawasomi vibao.

Mwenyeji wetu, mzee mmoja wa usharika, alinieleza stesheni hiyo ilikotoka na nikaelewa kwanini wanaithamini hivyo. Pale zamani palikuwa na stesheni nyingine ya tangu 1871, ikapigwa vitani, baadaye ikabomolewa, na mji wenyewe ukagawanywa na ukuta, mtu wa mashariki hawezi kwenda magharibi. Ukuta ulipoanguka 1989 wakabaki na mji wenye reli zilizokatika katika na stesheni nyingi ambazo hazishikani. Wakaamua kuchimba reli ya chini kwa chini katikati ya mji na kukutanisha kila kitu mahali pamoja, wakafungua Mei 2006, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia kuanza kwao. Sasa hivi wanapita watu zaidi ya 300,000 kwa siku.

Kitu kingine Neema, usije ukarudi bila kwenda kumuona mjusi wetu. Hapo hapo nje ya stesheni panda tramu ya M5, M8 au M10 za kuelekea mashariki, shuka Naturkundemuseum, ni karibu tu. Imo mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria wa Tendaguru, urefu wa kwenda juu ni zaidi ya mita 13, alichimbwa kule Lindi enzi za Wajerumani, kati ya 1909 na 1913, na waliochimba na kubeba ile mifupa mpaka bandarini ni watu wetu wa kusini, kwa vichwa na mabega. Nilisimama chini ya shingo yake nikajisikia uchungu na fahari kwa pamoja, sijui hata nikuelezeje, nenda tu ukaone.

Haya sasa nije kwetu, maana hapa ndo moyo wangu ulipo. Iyunga tuna stesheni ya TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, jengo zuri, reli yake kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, imejengwa 1970 mpaka 1975, imepita milima ya kati ya Mlimba na Makambako kwa mahandaki. Ila mtu akishuka pale na gunia la mchele wa Ifakara anaanza upya, atafute bajaji, apatane bei, aende stendi ya mjini au mpaka Nane Nane kama anaenda kwenu Tukuyu au Kyela, na akitaka uwanja wa ndege wa Songwe ni upande mwingine kabisa. Kila kitu kipo, kimetawanyika tu barabara nzima. Na hii ni nafasi yetu kweli, kwa sababu TAZARA inaenda kufufuliwa, mwaka 2024 Rais Samia na Rais wa Zambia walikuwa Beijing kushuhudia makubaliano na Wachina yakisainiwa, na barabara ya njia nne kutoka Uyole hadi Ifisi nayo imeshaanza. Hatuhitaji vioo. Tunahitaji daladala na mabasi ya Kyela yaingie mpaka mlangoni mwa stesheni, paa la kusubiria mvua za huku, kibao kinachosema gari gani inaenda wapi, na njia laini ya wenye mizigo na wagonjwa. Hayo yapangwe sasa kabla maduka hayajajengwa pale mbele, baadaye kubomoa ni ugomvi.

Nimeongea na mwenyekiti wa mtaa, amesema tuandike maoni tumpelekee diwani. Kwahiyo nakuomba ukiwa kule nipigie picha, siyo za jengo, za vibao, lifti na pale mabasi yanaposimama nje Europaplatz, nitumie hata zikiwa nyingi bando ninalo. Picha zako nitaziambatanisha kwenye hiyo barua.

Wasalimie nyumbani, mama mwambie ndizi nilizipata na tulishakula. Ukija kuchukua lile begi langu kubwa pitia Uyole ulale huku, tuongee vizuri.

Rafiki yako,
Mama Baraka