Mazoezi ya kompyuta yasigeuzwe mtihani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaofundisha sayansi vyuoni, hasa wanaopanga kanuni za mitihani. Nafundisha kemia mwaka wa kwanza hapa Mtwara, darasa la wanafunzi zaidi ya 300. Jaribio la karatasi tunalisahihisha wawili, na linapomrudia mwanafunzi tumekwishahamia mada nyingine. Anatazama alama, anakunja karatasi, basi.

Ndiyo maana nayapenda mazoezi ya kompyuta. Tunatumia Moodle, programu ya bure ya kufundishia mtandaoni ambayo ipo tangu 2002. Chukua swali hili: gramu 4 za sodiamu hidroksaidi zimetengenezewa mmumunyo wa mililita 250, tafuta ukolezi wake. Gramu hizo ni moli 0.1 (moli ni kipimo cha kiasi cha kemikali); ukigawa kwa lita 0.25, jibu ni moli 0.4 kwa lita. Anayesahau kugeuza mililita anapata 0.0004. Kosa hilo nalijua, nimeliwekea ujumbe wake: "Umegawa kwa mililita. Geuza kwanza kuwa lita, kisha jaribu tena." Akirudia, programu inambadilishia tarakimu. Nami asubuhi, kabla ya kipindi, naona ni wangapi wamekwama hapo, naanzia hapo hapo.

Sasa nasikia pendekezo kwamba mazoezi haya yaingizwe kwenye alama 40 za kozi, zile zinazojumlishwa na za mtihani wa mwisho. Tutayaua! Zoezi likishabeba alama, mjuzi mmoja anapewa nywila za wenzake, anawafanyia usiku kucha, na asubuhi kompyuta inaniambia darasa zima limeelewa. Nitafundisha nini? Na yule binti aliyepanga Chikongola, bando likimwishia katikati ya swali, anakosa alama wakati kemia anaijua. Mei 2024 mikongo ya baharini ilipopata hitilafu, intaneti ilisuasua nchi nzima. Matokeo ya mtu yasitegemee mambo kama hayo.

Jaribio la alama lifanyike darasani, likiwa na msimamizi. Zoezi la kompyuta liwe wazi wiki nzima, mtu alirudie atakavyo, lisiwe na alama hata moja. Moodle iwekwe kwenye seva ya chuo chenyewe, ili mwanafunzi akiwa chuoni aifungue bila bando. Na kwa wasio na simu za kueleweka, maabara ya kompyuta ibaki wazi hadi saa mbili usiku, badala ya kufungwa saa tisa na nusu alasiri wakati wengi ndio kwanza wanatoka kwenye vipindi.

Mwalimu wa Kemia,
Shangani, Mtwara