Kusoma Faili la .hlog: Mfumo Ulikwama Saa Ngapi, na Uliwagusa Wangapi

Mteja anapotuletea grafu yenye wastani wa muda wa kujibu wa milisekunde 35 na kuuliza kwa nini malalamiko hayaishi, grafu hiyo haiwezi kumjibu. Wastani unameza wale wachache waliosubiri sekunde kumi. Jibu huwa limo kwenye faili jingine ambalo mara nyingi lipo tayari kwenye seva na hakuna anayelifungua: faili la logi lenye histogramu moja (hesabu ya maombi mangapi yalichukua muda gani) kwa kila sekunde au kila dakika, kila moja ikiwa na muhuri wake wa wakati.

Makala hii inahusu mafaili yanayoandikwa na HdrHistogram, maktaba iliyoanzishwa na Gil Tene, inayopatikana kwa Java, C, Go, Python, Rust na lugha nyingine. Vifaa vya kupima mifumo kama jHiccup na cassandra-stress huandika mafaili ya aina hii, na mfumo wako mwenyewe unaweza kuyaandika kwa mistari michache ya programu. Ukilifungua kwa kihariri cha kawaida utaona kitu kama hiki:

#[Histogram log format version 1.3]
#[StartTime: 1709269200.000 (seconds since epoch)]
"StartTimestamp","Interval_Length","Interval_Max","Interval_Compressed_Histogram"
Tag=malipo,22500.000,1.000,1840.251,HISTFAAA...

Mistari inayoanza na alama ya reli ni maelezo. Kila mstari wa data una lebo (si lazima iwepo), mwanzo wa kipindi kwa sekunde, urefu wa kipindi kwa sekunde, thamani kubwa kuliko zote katika kipindi hicho, kisha mfuatano mrefu wa herufi unaoanza na HIST. Mfuatano huo ndio histogramu yenyewe, imebanwa kwa zlib na kuandikwa kwa Base64. Usijaribu kuufumbua kwa mkono, na usilifungue faili kwenye programu ya jedwali kisha ukalihifadhi upya. Herufi moja ikipotea, kipindi kizima kimepotea.

Tuanze na wakati, kwa sababu hapo ndipo watu hupotea kabla hata ya kufika kwenye takwimu. Katika mfano huu 22500 si saa ya ukutani. Ni sekunde zilizopita tangu mwanzo wa faili. Mwanzo huo, 1709269200, ni tarehe 1 Machi 2024 saa 05:00 ya UTC (saa ya kimataifa), yaani saa 2 kamili asubuhi kwa Afrika Mashariki. Ongeza sekunde 22500, ambazo ni saa 6 na dakika 15, unafika saa 8 na robo mchana. Kwa UTC ni 11:15. Anayeisoma 11:15 hiyo kana kwamba ni saa ya hapa ataenda kuchunguza kilichotokea saa 5 na robo asubuhi, akamlaumu mtu wa chelezo au mtoa huduma wa mtandao, na kumbe tatizo lilitokea saa tatu baadaye.

Mafaili mengine huandika muda kamili tangu 1970 kwenye kila mstari, na mengine huweka mstari wa BaseTime unaosema wazi hesabu ianzie wapi. BaseTime isipokuwepo, msomaji wa Java hukisia: muhuri wa mstari wa kwanza ukiwa nyuma ya StartTime kwa zaidi ya mwaka mmoja, huhesabiwa kuwa ni sekunde tangu mwanzo wa faili, la sivyo huchukuliwa kuwa ni muda kamili. Kanuni hii hufanya kazi vizuri kwa faili moja safi. Huharibika pale mtu anapounganisha mafaili ya siku tatu kuwa moja, au programu inapowashwa upya na kuendelea kuandika kwenye faili lilelile, kwa kuwa hesabu ya sehemu ya pili inaweza kuegemea mwanzo wa sehemu ya kwanza. Kabla ya kusoma, tafuta StartTime zote zilizomo. Zikiwa zaidi ya moja, kata faili kwenye kila mojawapo, usome vipande kimoja kimoja.

Ukishajua wakati, kata dirisha unalolitaka. Kifaa kinachokuja na maktaba ya Java kinatosha kwa kazi ya kwanza:

java -cp HdrHistogram.jar org.HdrHistogram.HistogramLogProcessor -i malipo.hlog -tag malipo -start 22500 -end 22800

Hapo unapata dakika tano kuanzia saa 8 na robo. Namba za -start na -end ni sekunde kutoka mwanzo wa faili. Usipotaja -tag, mistari yenye lebo yote huachwa, na matokeo yanaweza kutoka matupu ilhali faili limejaa. Anza kwa -listtags uone lebo zilizopo. Kumbuka pia kwamba kipindi huingizwa kwenye dirisha kwa kuangalia mwanzo wake. Vipindi vya sekunde moja havina shida, lakini kama mfumo wako huandika kila baada ya dakika kumi, dirisha la dakika tano linaweza lisiguse kitu.

Kwa anayeandika programu yake mwenyewe kwa HistogramLogReader, sehemu ya maktaba inayosoma mafaili haya, jihadhari na null (jibu tupu). Hurudi faili linapoisha, dirisha linapokosa kipindi, na pia mstari unapokuwa na muundo uliovunjika. Umeme ukikatika wakati seva inaandika, mstari hubaki nusu, na kitanzi chako kinaweza kusimama hapo kikidhani kazi imekwisha. Hesabu mistari kwa grep -c HISTFAAA, kisha linganisha na idadi ya histogramu ulizosoma. Ni kazi ya sekunde chache, na sisi haturuki hatua hii kwa faili lolote.

Sasa kosa ambalo tunaliona ni baya kuliko yote: kuchukua pasentili ya 99 ya kila kipindi (muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayakuuzidi) na kutafuta wastani wake. Chukua dakika mbili. Ya kwanza ina maombi 10,000, pasentili ya 99 ni milisekunde 20, na hakuna ombi lililozidi 50. Ya pili ina maombi 100 tu, na pasentili yake ya 99 ni milisekunde 900. Wastani wa hizo mbili ni 460. Lakini jumla ni maombi 10,100, na asilimia moja ya juu ni maombi 101. Yaliyozidi milisekunde 50 hayawezi kupita 100, hivyo pasentili ya 99 ya kweli haizidi 50. Hiyo 460 haielezi chochote kilichompata mtu yeyote. Njia sahihi ni kujumlisha histogramu zenyewe kwa add(), halafu kuuliza pasentili mara moja kwenye jumla. Histogramu ya kujumlishia iwe ya kujipanua yenyewe, la sivyo thamani kubwa kuliko kikomo ulichoweka itaangusha programu.

Vipimo navyo vina mtego. Safu ya Interval_Max kwa kawaida hugawanywa kwa 1,000,000, kwa kudhani ulirekodi nanosekunde na unataka milisekunde. Kama programu yako ilirekodi maikrosekunde, ombi la milisekunde 250 litaonekana kama 0.250 na utafurahi bure. Katika hali hiyo mpe kifaa -outputValueUnitRatio 1000.

Kuna pia data isiyoandikwa kabisa. Kipima mzigo kinachotakiwa kutuma ombi kila milisekunde 10, lakini kinasubiri jibu kabla ya kutuma jingine, mfumo ukiganda kwa sekunde 10 kitarekodi thamani moja mbaya mahali pa takriban 1,000. Maktaba inaweza kujaza pengo hilo ukiiambia muda uliotarajiwa kati ya maombi. Ifanye mara moja tu. Kama programu ilishasahihisha wakati wa kurekodi, kusahihisha tena wakati wa kusoma hutengeneza ucheleweshaji ambao haukuwepo.

Ukitutumia faili tulisome, tuma lilivyo, likiwa limebanwa kwa gzip ukipenda, pamoja na kipimo kilichotumika kurekodi, muda uliotarajiwa kati ya maombi kama ni jaribio la mzigo, na saa ambazo wateja wako walilalamika, ukitaja kama ni saa za hapa au za UTC. Histogramu hazibebi namba za simu wala kiasi cha pesa, ni hesabu za muda tu. Lakini pitia lebo kwanza, kwani wapo wanaoweka jina la mteja humo.